Meza Iliyojibu

Kona ya meza ilikuwa imeinuka kidogo tu, kiasi cha kupitisha ukucha. Fundi aliitazama akacheka. Shemeji yake alikuwa ameendesha kutwa nzima lile gari lake kubwa, lenye vitanda, jiko na meza ndani, kuja kutengenezewa kitu ambacho mtu angekipaka gundi na kukiegemea kwa kiwiko.

Shemeji hakucheka. Alisema ameshaibandika fomeka hiyo, lile ganda gumu linalofunika ubao wa meza, na kuikandamiza kwa mawe, lakini kila asubuhi anaikuta imeinuka tena. Dada yake Fundi alisimama kando, mtoto begani, macho mekundu kwa kukesha. Tangu wahamie kwenye gari, mtoto hakulala; alilia tu, akiikodolea macho kona ile.

Fundi alikuwa mtu wa kuamini alichokigonga. Debe tupu haliachi kuvuma, na fomeka iliyoachia ni hivyohivyo. Akagonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko. Karibu meza nzima ililia utupu. Alipoondoa mkono, kitu chini ya fomeka nacho kikagonga, ko, ko, ko.

"Umesikia, kaka?" dada yake akanong'ona.

"Joto hilo. Mbao zinatanuka," akajibu, akinyoosha mkono kuchukua pasi.

Akaipasha fomeka kwa pasi, akapenyeza kisu, akaibandua yote. Ikatoka harufu ya nywele zilizoungua. Ubao wa chini ulikuwa na mikwaruzo iliyoanzia katikati ikaelekea ukingoni, kama ya kitu kilichofungiwa kikitafuta njia. Hapo ndipo shemeji alipokumbuka kwamba aliyewauzia gari alikataa katakata kuingia ndani, akasimama nje akiwaelekeza kwa kidole.

Fundi akapiga moyo konde, akapaka gundi ya viatu ubaoni na mgongoni mwa fomeka. Gundi ile haitaki haraka. Pande zote mbili huachwa wazi zikauke kwanza, ndipo zikutanishwe, na zikishagusana hazibanduki. Mvuke wake nao ni mkali. Akawaambia watoke wote, akatangulia kwenda kunawa.

Lakini mtoto, waliyekuwa wamemlaza kitandani kando ya meza, akanyamaza ghafla na kufumba macho. Wazazi wakatazamana. Usingizi ule waliulilia, nani angeukatiza? Wakafungua dirisha lililo juu yake, wakatoka kwa kunyata.

Fundi aliporudi alimkuta dada yake mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, kaka. Amelala mwenyewe. Tafadhali usimwamshe."

Fundi alipanda gari mbio, na mlangoni tu akajua kwamba harufu ya nywele zilizoungua imehama mezani na sasa iko kitandani, akaona gundi ya ubaoni imevutika nyuzinyuzi kuelekea upande ule ule, kama kitu kizito kimejiburuta juu yake kikitoka, na mtoto alikuwa macho, kimya, anamtazama mjomba wake bila kupepesa. Akamnyakua, akampa mama yake pale mlangoni. Kisha akairudisha fomeka mahali pake na kuikandamiza kwa uzito wake wote.

Akagonga kona hadi kona. Meza ilikuwa imeshikana kama jiwe, na hakuna kilichojibu. Shemeji akashusha pumzi. Hata harufu ilikuwa imepungua, au walikuwa wameizoea.

Mtoto alinyonya vizuri siku hiyo, bila kulia. Dada mtu alifurahi mpaka akatokwa na machozi, akamkabidhi mjomba amcheulishe. Fundi akamweka begani, akampigapiga mgongoni taratibu. Mgongo ukalia utupu. Akapiga tena, polepole zaidi, akiomba awe amesikia vibaya, kisha mkono ukamgandia palepale.

"Amecheua?" dada yake akauliza, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

Fundi akatega sikio. Chini ya kiganja chake, kutoka ndani ya mgongo ule mdogo, kitu kiligonga, ko, ko, ko.