Karatasi za Kapteni Fadhiya

Kapteni Fadhiya Jaffar alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji. Kila asubuhi alivuka maji kwa feri kwenda kambini, na jioni alirudi Mji wa Kale, kwenye nyumba ya mamake, Bi Khairiya. Jumamosi hakupumzika. Alikwenda chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili katika usimamizi wa majanga. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha, na alibakiwa na kuandika tasnifu tu.

Utafiti wake ulihusu moto katika nyumba za zamani. Alipita nyumba arobaini za mtaani kwao na karatasi ya maswali. Mtungi wa gesi unawekwa wapi? Kuna mlango wa pili wa kutokea? Kuta zina nyufa ambazo moto unaweza kupenya?

Asubuhi moja ya Jumamosi alimaliza kujumlisha majibu, akafurahi.

"Mama, mtaa wetu ni salama kuliko nilivyodhani," alisema. "Nyumba arobaini, na yenye ufa ni moja tu. Ya Bi Mwanaesha."

Bi Khairiya alikuwa akiepua mahamri. Alifunika mahamri sita kwenye sahani, akampa bintiye. "Mpelekee Bi Mwanaesha kabla hayajapoa."

Bi Mwanaesha alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwao tangu alipoolewa. Fadhiya alipiga hodi mara tatu. Kisha akaona kufuli mlangoni.

Jirani, Nasiha, alitoa kichwa dirishani. "Hayupo. Amehamia kwa mwanawe, mtaa wa Tudor. Yapata wiki mbili sasa."

"Amehama? Kwani ni mgonjwa?"

Nasiha alimtazama kidogo. "Ni zile karatasi zako, Fadhiya. Alikwambia ukuta wake una ufa. Akaona serikali itakuja kumtoa. Akasema afadhali atoke mwenyewe kwa heshima yake."

Fadhiya alishika ukuta. "Nani alisema serikali itamtoa?"

"Hakuna aliyesema. Ulikuja na sare ya jeshi, wauliza habari za kuta zetu, na waandika majina. Sisi tungefahamu nini? Hata mimi nilikwambia nyumba yangu haina ufa. Ingia utazame."

Fadhiya aliingia. Kando ya ngazi, ukuta ulipasuka toka juu hadi chini. Kidole kiliingia chote. Na chini ya ngazi hiyohiyo, njia ya pekee ya kutokea, palikuwa na mitungi miwili ya gesi.

Alirudi nyumbani na sahani yake. "Mama, ulijua?"

"Nilijua amehama," alisema Bi Khairiya polepole. "Nilishindwa kukwambia. Nami nilidhani umetumwa. Kazi ya jeshi haiulizwi, mwanangu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote. Mamake mzazi alikuwa amemwogopa. Fadhiya alikaa kitako sakafuni, na karatasi arobaini mbele yake. Hakujua tena ni wangapi kati ya wale thelathini na tisa waliomficha ukweli kwa hofu. Mmoja alikiri ufa wake, naye ndiye aliyeacha nyumba yake.

Mchana alikwenda chuoni kwa msimamizi wake, Daktari Mbodze, akamweleza yote.

"Kwa nini ulivaa sare?" aliuliza Daktari Mbodze.

"Nilikuwa natoka kazini. Sikufikiri."

"Kibali cha utafiti uliwaonyesha?"

"Kilikuwa mkobani."

Daktari Mbodze alivua miwani. "Fadhiya, kambini ukiuliza swali, askari hujibu kwa sababu lazima ajibu. Mtafiti hana amri hiyo. Anaomba. Kwanza anasema yeye ni nani, anasomea nini, na majibu yatakwenda wapi. Anaonyesha kibali. Anamwambia mtu kwamba anaweza kukataa, au kuacha swali lolote, na hatadhurika. Halafu haandiki jina. Mtu akishafahamu hayo na akakubali, ndipo unauliza."

"Na karatasi hizi?"

"Hazifai. Utaanza upya, na utachelewa muhula mmoja."

Fadhiya alikuwa amepanga kumaliza kabla ya kwenda safari ya kikazi ya baharini. Sasa ilibidi aende kwa mkuu wake kambini, akiri kosa na kuomba siku za likizo. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, akasaini barua. "Rekebisha," alisema.

Alianzia Tudor. Hakuvaa sare, alivaa buibui. Bi Mwanaesha alimpokea sebuleni kwa mwanawe, na masanduku yake yalikuwa bado hayajafunguliwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuomba radhi. Hakuna anayekutoa nyumbani kwako. Yale yalikuwa masomo yangu tu."

Bi Mwanaesha alimshika mkono. "Nilikubeba mgongoni wewe. Nilijua hukunitakia ubaya. Lakini aliyekutuma sikumjua."

"Hakuna aliyenituma."

"Sasa mbona hukusema?"

Fadhiya aliinamisha kichwa. Baadaye mkongwe alimwambia, "Niitie tuktuk. Masanduku haya yameshanichosha."

Jumamosi iliyofuata Fadhiya alianza tena. Kila nyumba alisoma kibali kwa sauti na kueleza haki ya kukataa. Watu sita walikataa. Aliwashukuru, akaenda zake. Waliobaki walimfungulia milango. Nyumba ishirini na tatu zilikuwa na nyufa. Kumi na tisa ziliweka gesi chini ya ngazi. Fadhiya alishtuka tena, lakini mara hii alikuwa na ukweli mkononi.

Kabla hajamaliza kuandika, alikusanya majirani na kuwaeleza hatari ya gesi kwenye njia ya kutokea. Nasiha alikuwa wa kwanza kuhamisha mitungi yake hadi uani, penye hewa. Wengine wakafuata. Mwaka uliofuata, aliporudi kutoka baharini, Fadhiya alipata shahada yake.

Siku chache baadaye alikuwa amekaa kwa Bi Mwanaesha. Msichana mmoja aliyeitwa Priscah alipiga hodi, na karatasi mkononi. Alisema ni mwanafunzi, anataka kuuliza habari za maji.

Fadhiya alifungua mdomo, lakini Bi Mwanaesha alimtangulia.

"Karibu, mwanangu, kaa. Kibali chako kiko wapi?"

Priscah alikitoa. Bi Mwanaesha alimpa Fadhiya akisome, akasikiliza hadi mwisho.

"Na nikikataa kujibu?"

"Hakuna neno, Bi. Ni hiari yako."

"Haya," alisema Bi Mwanaesha, akijiweka sawa kitini. "Uliza."