Unyayo wa Wilfried

Kila asubuhi ya likizo kubwa, Fanny alianza kwa kuteka maji. Alijitwika bidoni la njano, akapita kando ya ndagaa, samaki wadogo wa ziwa, walioanikwa mchangani, akarudi nyumbani kabla mama yake, Mama Émilienne, hajamaliza kupuliza moto. Akishafagia uwanja, alikunywa uji wa muhogo akiwa amesimama, kisha akatoka mbio.

"We mutoto, keti unywe vizuri!" mama yake alimpigia kelele.

Lakini Fanny alikuwa ameshafika ufukoni. Miguu yake ilikuwa haijui kutembea. Katika kijiji kizima cha Lweba hapakuwa na mtoto wa rika lake, wa kike wala wa kiume, aliyeweza kumwacha nyuma.

Ilikuwa miaka ya vita. Watu walikuwa wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Wengine walirudi na viungo vilivyopinda, wengine na mioyo inayoruka mlango ukigongwa. Kiangazi kile bunduki zilinyamaza kidogo, na hapo ndipo Mama Marthe alipokuja kutoka mji wa Baraka na jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisikia. Kazi yake hospitalini ilikuwa kuwafundisha waliovunjika kutumia viungo vyao upya. Alifika Lweba na kundi la watu wa mjini, wazima na wenye ulemavu, wakubwa kwa wadogo, akasema wamekuja likizo.

"Likizo gani hiyo?" aliuliza Koko Alphonse. Alikuwa babu wa jirani, mvuvi tangu ujana wake, ambaye sasa magoti yake yalikuwa yanalia kama bawaba.

"Likizo ya mazoezi, Koko. Tutatembea mchangani, tutaogelea, tutanyoosha viungo. Kila mutu kwa kipimo chake. Hata weye na magoti yako."

Watu walicheka, lakini kesho yake Koko Alphonse alikuwa wa kwanza kufika.

Kabla ya yote, Mama Marthe aliwauliza wavuvi ni wapi mamba hawafiki na ni wapi nyavu zinavutwa. Akawaonya wageni wasikanyage ndagaa za watu, wasioge pale maji yanapotekwa, na wanunue chakula kwa bamama wa kijiji. "Tumekuja kama wageni," aliwaambia, "si kama nzige."

Wageni waligawanywa katika nyumba za wenyeji. Nyumbani kwa Fanny alikuja Wilfried, mvulana mpole mwenye meno yaliyoachana. Risasi ilikuwa imempiga nyuma ya goti. Mfupa uliunga, akaweza kutembea kwa fimbo, lakini tangu kifundo cha mguu kwenda chini hakusikia kitu.

"Angalia," alimwambia Fanny siku ya kwanza, akijichoma unyayo kwa kijiti. "Mi sisikii hata kidogo."

Mama Marthe aliwaweka wawili wawili, mwenye nguvu pamoja na mwenye shida. Espérance, msichana asiyeona tangu utoto, alishikana mkono na Nicolas, mvuvi kijana mwenye mtumbwi mkubwa. Fanny alipewa Wilfried. Kila siku wangetembea mpaka kwenye jiwe ambapo bamama wanafua. Hapo wangeketi, Wilfried avue kiatu na soksi, Fanny amwangalie unyayo, auoshe, aukaushe, kisha warudi.

"Mguu wake haujui kulia," Mama Marthe alimwambia Fanny. "Ukiumia, hautasema. Kwa hiyo macho yako ndiyo maumivu yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mwanzoni Fanny alifuata kila kitu. Lakini wenye miguu mizima walikuwa wanafika mbali, mpaka mahali mto unapoingia ziwani, nao walirudi na habari za viboko waliowaona na maji baridi waliyoyachezea. Fanny aliwasikiliza huku akikausha vidole vya Wilfried, na moyo wake ukawa unawasha. Yeye, Fanny, kuishia kwenye jiwe la wafuaji!

Asubuhi moja walipofika kwenye jiwe, hakuketi.

"Leo twende mpaka mutoni," alisema.

Macho ya Wilfried yaling'aa. Kisha akayateremsha. "Mama Marthe alisema tuishie hapa."

"Si unaweza? Ama huwezi?"

"Mi naweza!"

Wakaenda. Walipita mchanga, wakapita kokoto, wakapita mahali penye makombe ya konokono wa ziwani yaliyovunjika. Mchanga ulikuwa unaingia katika kiatu cha Wilfried, kiatu cha turubai chenye soli iliyochoka, lakini hakulalamika. Angelalamikia nini? Walipotokea mtoni, wenzao walipiga vigelegele. Wilfried alisimama ndani ya maji yaliyofika magotini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu risasi ile hakuwa amefika mbali namna hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Fanny alijiona amefanya tendo la maana.

Waliporudi, jua lilikuwa kali na wasichana wenzake walikuwa wanamwita wakaogelee. Kiatu cha Wilfried hakikuvuliwa.

Jioni Mama Marthe alimuuliza, "Fanny, umeangalia unyayo?"

"Nimeangalia, Mama. Iko muzuri."

Neno lilitoka jepesi, kama mtu anavyotema mate.

Kesho yake Mama Marthe alipanda gari la mizigo kwenda Baraka kuchukua bandeji na unga, akaahidi kurudi upesi. Hakurudi. Mchana ule milio ya bunduki ilisikika upande wa milimani, na habari ikafika kwamba barabara imefungwa. Mazoezi yakasimama. Watu wakakaa karibu na milango yao, vifurushi vikiwa tayari.

Katikati ya wasiwasi huo Wilfried akaanza kutetemeka. Hapakuwa na muuguzi kijijini, alikwisha kukimbia. Mama Émilienne alimfunika blanketi, akampa vidonge vya malaria vilivyobaki nyumbani. Kisha akamgeukia binti yake.

"Na mguu wake?"

Fanny aliona jinsi jambo litakavyokuwa akisema kweli. Mama yake angemfokea mbele ya majirani. Mama Marthe angemtoa katika kundi. Pengine ilikuwa malaria tu. Ni nani hapati malaria?

"Mguu ni muzima, Mama. Niliuangalia."

Uongo wa kwanza ulikuwa umetoka kama mate. Huu wa pili ulimkaba kama mwiba wa samaki.

Vidonge vikaisha, homa haikushuka. Wilfried aliacha kula. Alilala akiwa amegeukia ukuta, akimwita mama yake aliyekuwa Baraka. Mchana mmoja Fanny alikuwa ameketi karibu naye akimpepea, mama yake akiwa nje anatwanga sombe, majani ya muhogo. Blanketi liliposogea, Fanny alisikia harufu. Hakuitambua mara moja. Aliinua blanketi, akavuta soksi taratibu.

Unyayo ulikuwa umevimba na kuiva kama embe bovu. Chini ya kidole kikubwa palikuwa na shimo dogo jeusi, na usaha ulikuwa unatoka. Wekundu ulikuwa umepanda mpaka juu ya kifundo.

Wilfried alifumbua macho. "Iko vibaya?"

Fanny alijua kwamba bado kuna njia ya kujiokoa. Angeweza kusema jeraha limeanza jana tu. Nani angebisha? Lakini alimtazama yule mvulana aliyekuwa anamngojea amwambie hali ya mguu wake mwenyewe, kwa sababu yeye hakuweza kuijua.

"Iko vibaya sana," alisema, akatoka nje mbio.

Alipiga magoti mbele ya kinu. Alieleza yote: mto, makombe, kiatu kisichovuliwa, uongo aliomwambia Mama Marthe na uongo aliomwambia mama yake. Mama Émilienne aliacha mchi ndani ya kinu. Hakumpiga wala hakumfokea. Aliingia ndani, akauona mguu, akaketi chini.

"Mutoto wa mwenzangu," alisema. "Alinipa mutoto wake muzima, mi ninywe naye chai, nilale naye nyumba moja..." Kisha akasimama, akafunga kikwembe chake vizuri kiunoni. "Chemsha maji, tia chumvi. Mi naenda kwa Koko Alphonse."

Koko Alphonse hakupoteza muda kwa maswali. "Barabara imefungwa," alisema. "Ziwa halijafungwa. Tutaondoka kukipambazuka, upepo ukiwa haujaamka."

Alfajiri mtumbwi wa Nicolas ulikuwa majini. Nicolas alikaa nyuma kuuongoza. Koko Alphonse, ambaye magoti yake hayakumruhusu kupiga kasia, alikaa mbele kwa sababu macho yake yalijua kila mwamba. Espérance alipewa kasia. Alikuwa haoni, lakini mikono yake ilikuwa imezoea kutwanga kwa ajili ya nyumba nzima, nayo ilikuwa na nguvu kuliko ya wengi. Mama Émilienne aliupakata mguu wa Wilfried, umeinuliwa juu na kufungwa kitambaa safi. Fanny aliomba kasia la mwisho, akapewa.

Alianza kulipiga kwa nguvu zake zote, maji yakaruka, mtumbwi ukayumba.

"Polepole, mujukuu," alisema Koko Alphonse bila kugeuka. "Ukichoka katikati ya maji, nani atakubeba? Fuata sauti ya Espérance."

Espérance alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, wimbo wa Kibembe wa kutwangia. Fanny alivuta pumzi, akausikiliza, akaliingiza kasia majini pamoja naye, akalitoa pamoja naye. Mtumbwi ukanyooka. Ndipo alipotambua kwamba wanakwenda kasi kuliko alipokuwa anapambana peke yake.

Jua lilipopanda, watu wenye bunduki waliwaita kutoka ufukoni. Nicolas alikuwa hana budi kusogeza mtumbwi. Kijana mmoja aliingia majini mpaka kiunoni, bunduki begani.

"Munaenda wapi?"

"Hospitali, mwana wangu," alijibu Koko Alphonse. "Mutoto iko anatuacha."

"Vita haina batoto. Mumebeba nini pale?"

Mama Émilienne aliuinua mguu wa Wilfried. Alifungua kitambaa. Yule kijana aliinama kutazama, kisha akageuza uso haraka. Mkono wake ulishika ukingo wa mtumbwi.

"Muende," alisema, akausukuma mtumbwi mwenyewe.

Walifika Baraka mchana. Viganja vya Fanny vilikuwa vimechubuka, lakini hakuvitazama. Daktari aliupasua uvimbe, akatoa kipande cha kombe kisichozidi ukucha wa mtoto. Alisema wangechelewa kidogo tu, angekuwa anazungumza nao habari za kukata mguu.

Mama Marthe alikuja mbio kutoka wodi nyingine, na nyuma yake mama yake Wilfried, aliyeitwa kutoka mjini. Fanny alisimama mbele yao kabla mtu mwingine hajaanza kuwaeleza.

"Mama Marthe, sikuangalia unyayo. Nilimupeleka mutoni, sikumuvua kiatu, na nikakudanganya. Halafu nikamudanganya Mama."

Mama yake Wilfried alimpita, akaenda kuketi kitandani kwa mwanawe. Siku ile hakumsemesha Fanny, wala siku iliyofuata. Fanny hakumlaumu. Alilala na mama yake kwenye baraza la hospitali wakingoja Wilfried apate nafuu, na kila asubuhi alifagia wodi.

Homa ilishuka. Wilfried aliomba chakula, akala bukari, ugali wa kwao, na ndagaa mpaka akajiramba vidole. Siku hiyo mama yake alimwita Fanny kwa mara ya kwanza. Alimpa beseni.

"Lete maji," alisema. "Ya uvuguvugu. Utamuosha weye."

Fanny aliyaleta. Alipokuwa ameinama juu ya ule mguu, Wilfried alimwambia Mama Marthe, "Mama, usimuseme yeye peke yake. Mi pia nilitaka kufika."

"Najua ulitaka," alijibu Mama Marthe, akaketi pembeni ya kitanda. "Na siku moja utafika. Tutaongeza kidogo kidogo, kadiri mguu utakavyoruhusu. Nami nina kosa langu. Niliuliza kwa mdomo kitu nilichopaswa kukitazama kwa macho. Kazi ile nilimwachia mtoto peke yake." Kisha akamgeukia Fanny, na sauti yake haikuwa kali.

"Sikiliza, binti yangu. Jeraha lile lilikuwa dogo. Jioni ile ile, maji na sabuni vingelimaliza. Uongo ndio uliolilisha mpaka likanenepa. Siku uliposema kweli, tulianza kumponya, hata kabla ya daktari kushika kisu. Nguvu za miguu Mungu amekupa nyingi, na mazoezi ni mazuri. Lakini mtu mwenye afya si yule anayefika mbali kuliko wote. Ni yule anayejua kipimo cha mwili wake, akaheshimu na kipimo cha mwenzake. Na ukikosea, sema mapema. Aibu hupona upesi kuliko mguu."

"Ndiyo, Mama," alisema Fanny.

Mama yake Wilfried alimsogezea kitambaa safi. Fanny alikipokea kwa mikono miwili, akaanza kukausha katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine, bila haraka.