Kazi ya Kaka kwenye Mashine Mpya

Kitinda akitoka shule, kabla hata ya kunywa maji, anaiwasha kompyuta ya marehemu kaka yake. Mama yake, fundi cherehani, anamwambia tu, "Vua sare kwanza, mwanangu," basi. Tangu msiba, nyumba ile ilikuwa haina maneno mengi.

Kaka aliiachia shule programu ya kuonyesha matokeo ya mitihani mtandaoni, iliyoandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta. Aliijenga juu ya kiunzi cha zamani. Kiunzi ni kama mifupa iliyo tayari, wewe unatia nyama. Sasa mwalimu wa kompyuta akawaambia wanaklabu wake, Kitinda akiwemo, wachague: kubaki na kiunzi kile au kuhamia kipya.

"Ila ijaribuni kwanza kwenye mashine ya shule," akasema. "Ile ina Java mpya, toleo la juu kuliko lile la zamani."

Kitinda akaijaribu nyumbani, kwenye Java ya zamani ya kaka. Ikaenda kama maji. Ile ya shule hakuigusa. Aliogopa jibu lake.

"Umeijaribu kule kweli?" rafiki yake Msumari akamuuliza.

"Nimeijaribu. Inapiga kazi."

"Basi tubaki nayo. Kipya cha nini, kututoa jasho bure?"

Siku ya wazazi mwalimu akafungua matokeo mbele ya watu, kwenye mashine ya shule. Ukurasa ukaja mweupe pe. Akarudia, wapi.

"Aliyetengeneza hii alikuwa fundi kweli au fundi maneno?" baba mmoja akadakia. Watu wakacheka. Mama yake Kitinda, aliyekaa safu ya mbele, akainamisha kichwa.

Kitinda akasimama. "Mwalimu, hapa sikuijaribu. Nilidanganya. Kaka hana kosa."

Kicheko kikakatika.

Klabu ikahamia kiunzi kipya, Kitinda akibeba kazi kubwa kuliko wote. Hesabu za kaka zilihama kama zilivyokuwa. Mifupa ndiyo iliyobadilika. Matokeo yakafunguka. Yeye akarudi nyumbani analia.

"Mama, niliona tukiibadilisha, kaka hatabakia na chochote."

Mama akasimamisha cherehani. "Kazi kuzeeka si aibu. Angekuwepo, angeibadilisha mwenyewe. Kilichomfanya achekwe ni uongo wako, mwanangu."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Kushikilia kitu chake, hilo silikatazi. Mimi shati lake la mwisho sijalifua mpaka leo." Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Lakini sijamwambia mtu kwamba ni safi."