Kesi ya Kumgombea Anselmo

"Dada Perlita, ukitia sahihi hapa ndiyo basi," wakili wangu aliniambia kwenye korido ya mahakama mjini Iloilo. "Kesi ikifutwa haifunguliwi tena. Watamfukua Anselmo na kumpeleka kisiwani Guimaras."

"Nipe kalamu."

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Kwa miaka miwili tulikuwa tumepambana na Teodora, mke wa ndoa wa Anselmo, aliyenishtaki ili apewe mwili wa mumewe akamzike kwao kisiwani. Mimi sikuwa na cheti cha ndoa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kuishi naye, na kiapo nilichokula mbele ya hakimu kwamba Anselmo mwenyewe alitaka alale hapa, karibu nami.

Nilitia sahihi. Niliomba sharti moja tu: kila Novemba mosi, siku ya kuwakumbuka wafu, niruhusiwe kufika kaburini na mshumaa wangu. Teodora alikubali bila kunitazama. Hakimu akasoma kwamba pande zote zimepatana na kesi imefutwa, akaita nyingine.

Teodora alinikuta nje, kwenye ngazi.

"Miaka miwili umenikaba koo. Leo huruma imetoka wapi? Au umeshapata mwingine?"

"Sijapata mtu, dada Dora. Nimechoka kusali na uongo mdomoni."

Nikatoa simu ya Anselmo. Laini yake sikuiacha ife. Wiki ile ya mwisho mikono yake ilikuwa imepooza, akanitajia maneno nimwandikie mkewe. Niliandika yote, ila sikutuma. Nilimwambia ujumbe umeshakwenda, na kila jioni akaniuliza kama Dora amejibu. Nilimwambia bado.

Teodora aliichukua, akasoma polepole.

*Dora, nilikukosea. Kama bado unanikubali, nizike kwetu, kando ya mama. Njoo mapema nikuone.*

"Alikaa siku ngapi baada ya hapa?"

"Sita."

Akaketi kwenye ngazi, katikati ya watu wanaopita.

"Boti ni dakika ishirini, Perlita."

"Najua. Ungekuja, ungemchukua."

"Nimemgombania miaka miwili nikiamini amekufa akinichukia. Unajua hiyo inafanya nini kwa mtu?"

Nilimwambia alifute sharti langu, sistahili. Akasema karatasi imeshagongwa muhuri, na yeye hana nguvu ya kurudi mahakamani. Novemba mosi asubuhi kaburini atakuwa yeye. Mimi nije mchana, tusionane.

Kisha akanirudishia simu.

"Tuma."

"Umeshausoma, dada."

"Ni wangu. Tuma."

Nikabonyeza. Simu ikalia ndani ya pochi yake. Hakuifungua. Aliikumbatia ile pochi kifuani, akashuka ngazi.

Siku ya kufukua, niliwahi makaburini kabla ya wachimbaji. Nilikuwa na rozari mkono mmoja na simu ile mkono mwingine. Nilikuwa kwenye fumbo la tatu la rozari simu ilipotetemeka.

*Nipo kwenye boti. Nakuja kukuchukua.*

Nilibandika paji la uso wangu kwenye saruji ya kaburi.

"Anselmo," nikamwambia, "Dora amejibu."

Nikamsomea kwa sauti, neno kwa neno. Kisha nikaondoka kabla mkewe hajafika.