Pikapu Iliyolala Upande Mmoja

Asubuhi Générose alikuwa akifagia uwanja wa nyumba yao, Mishamo. Mumewe, Jean Bosco, aliwasha pikapu yake kuukuu. Pikapu hiyo ilibeba mahindi na maharage ya majirani mpaka Mpanda, na ndiyo iliyowalisha.

Générose aliacha kufagia.

"Baba Fabrice, mbona gari limelala upande wa kushoto? Na halina mzigo."

"Limezeeka tu."

"Na ule mlio wa kugonga likipita kwenye mashimo?"

"Barabara ndiyo mbaya, mama."

Akachomeka kigogo cha mti kati ya ekseli na chesisi, ili gari lisimame sawa. Akaondoka.

Siku hiyo alimpakia jirani yao, Spès, na magunia yake ya maharage. Kabini ilijaa, hivyo Spès akakaa juu ya magunia. Njiani gurudumu liliingia kwenye shimo. Chuma kikalia, pah! Gari likainama na kuvuta kushoto. Magunia yakamwagika, Spès akaanguka nayo, yakamlalia.

Nyonga yake ilivunjika. Alitoka hospitali na kurudi nyumbani kwa magongo.

Gari lilivutwa mpaka uwanjani. Jean Bosco alishinda amekaa kando yake. Hakulima. Chakula alikigusa tu. Watu wakimsalimu, hakuitikia.

"Liuzwe chuma chakavu," alisema. "Nimemlemaza mama wa watu. Mikono yangu haitashika tena usukani."

Usiku Générose alimsikia akilia, naye akageukia ukutani. Mwishowe alifunga safari hadi Mpanda, akamleta fundi Minza.

Minza alilala chali chini ya gari.

"Kaka, njoo uone," aliita. Jean Bosco alikuja taratibu.

"Springi ni hivi vyuma bapa vilivyopangana. Vinabeba uzito wote. Vikiwa vizima, vimepinda kama upinde. Hivi vimenyooka, na hiki kimekatika. Unaona kutu ndani ya mkato? Ufa huu ni wa siku nyingi."

"Kwa hiyo ningeweza kuuona?"

Minza alipitisha kidole kwenye ufa. "Ungeweza."

Jean Bosco aliinamisha kichwa.

"Simamisha gari tupu mahali tambarare," Minza aliendelea. "Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini, kagua springi. Angalia pia kama tairi limekwaruza bodi. Gari likitoa mlio wa kugonga, usiendelee na safari."

"Tuunge hiki kwa kuchomelea?" Générose aliuliza.

"Hapana, dada. Kitakatika tena. Na kigogo kinazuia springi isicheze. Tunabadilisha pande zote mbili, kushoto na kulia. Tukibadilisha moja, gari litaendelea kulala."

Springi zilipopatikana, Minza aliinua gari kwa jeki, kisha akaliegemeza kwenye stendi imara. "Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake," alionya. Alifunga springi mpya, bushi mpya za mpira kwenye maungio, na boliti mpya. "Ukishatembea kidogo, rudi nikaze boliti tena. Usizidishe mzigo. Na mtu asikae juu ya mzigo, hata akikuomba."

Gari lilisimama sawa. Jean Bosco hakutabasamu.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kumpeleka Spès kliniki, Mpanda. Jean Bosco alipima pande zote mbili, akachungulia chini. Hakupakia gunia hata moja. Spès aliketi kabini, kati yake na Générose, magongo mapajani.

"Gari lako limepona, Jean Bosco," alisema. "Mimi bado."

Jean Bosco aliendesha polepole. Kila walipokaribia shimo, Spès alimshika Générose mkono kwa nguvu. Gari lilipita bila kugonga, bila kuvuta upande. Shimo jingine likaja, na jingine.

Karibu na Mpanda, Générose alihisi mkono ule umelegea. Akageuka kwa hofu.

Spès alikuwa amelala usingizi.

"Baba Fabrice," Générose alinong'ona, "usimwamshe. Endesha hivyo hivyo."