Mlango wa Mizigo

Mpambanuzi hakuwa na macho ya kutazama sura ya mtu. Alikuwa na pua. Kila mzigo uliopita mlangoni pake, pale Bandari ya Mwangaza, aliunusa, akaupima kilo, akahesabu hata pakiti iliyofichwa ndani ya pakiti nyingine, kisha akatangaza daraja lake kwa sauti yenye adabu. Kwa miaka sita mtambo huo haukuwahi kukosea, na wakubwa walijivunia hilo kupita kiasi.

Siku hiyo Shekue, mkaguzi wa shehena, aliona lebo imekaa upande kwenye pipa moja la unga wa kuzuia moto, ndani ya kontena linalokwenda miji ya Mwezini. Mlango wa watu ulikuwa mbali, ng'ambo ya yadi. Jua lilikuwa kali na miguu imechoka. Akapitia mlango wa mizigo. Mara moja tu, jamani!

"Kizuiamoto," Mpambanuzi akatangaza. "Pakiti moja, kilo sabini na mbili. Imepokelewa."

Mlango ukajifunga, bap! Pampu zikaanza kuvuta hewa, maana unga ule husafirishwa pasipo hewa ili usigande.

"Mishi!" Shekue alipiga kelele kwenye redio ya begani. "Nimefungiwa, mdogo wangu! Mwambie mimi ni mtu!"

"Nimemwambia, kaka, hasikii!" Mishi, karani wa lango mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa analia. "Anasema unanuka unga. Vua ovaroli!"

Kumbe ovaroli! Cheche za roketi ziliwanyeshea yadini kila siku, na kampuni haikutoa nguo za kujikinga. Basi kila Jumamosi wafanyakazi, Mishi akiwamo, walizoa unga uliomwagika, wakaukoroga kwenye ndoo, wakaloweka ovaroli zao humo huku wakitaniana. Tangu waanze mtindo huo hakuna aliyeungua tena.

Shekue akavua kila kitu, akabaki kama alivyozaliwa. Masikio yalimuuma na kifua kilimbana.

"Kizuiamoto," sauti ikarudia. "Ufungashio umevuliwa. Pakiti moja, kilo sabini."

Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Nguo zilikuwa sakafuni, na bado ananuka unga. Jumamosi za miaka sita zilikuwa zimemwingia kwenye ngozi, kwenye pumzi, mpaka kwenye damu.

Akakumbuka kanuni aliyokuwa akiisimamia mwenyewe: shehena iliyomwagika haisafiri. Akalikumbatia lile pipa lenye lebo mbovu, akang'oa kifuniko kwa nguvu zilizombakia, akalipindua. Unga ukatapakaa kila mahali.

"Shehena imeharibika. Imekataliwa."

Mlango ukafunguka. Hewa! Shekue akatambaa hadi kizingitini akikohoa, mweupe kuanzia nywele hadi kucha. Mishi hakungoja mtu. Alivua mtandio wake ili amsitiri, akashika tumbo kwa mkono mmoja, akakimbilia mlango uleule wa mizigo.

"Pole, kaka, pole. Umepona. Yamekwisha."

Juu ya vichwa vyao Mpambanuzi alikuwa ananusa.

"Kizuiamoto," akatangaza kwa adabu ileile. "Pakiti mbili. Moja ndani ya nyingine."