Kadi Sitini na Moja za Daktari Wenceslaus

"Nani ameandika kwenye nakala za makala yangu?"

Daktari Wenceslaus alisimama mlangoni, kadi ya posta mkononi. Sauti yake ilikuwa ya chini... hiyo ndiyo iliyonitisha.

Waosha chupa wa maabara yake tulikuwa wawili tu. Mimi na Koleta, rafiki yangu wa kula sahani moja tangu utotoni.

Koleta hakuniangalia. Alininyooshea kidole chenye povu la sabuni.

"Kashindye, Daktari. Nilimwona."

Jamani...

Ngojeni niwarudishe nyuma, msinihukumu kwanza.

Ilikuwa 1974, mwaka serikali ilipohamishia watu vijiji vya ujamaa. Lori lilitutoa Kaselya, kwetu kwa mababu, likatushusha kijiji kipya cha Azimio, kando ya njia ya zamani ya misafara. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliishia darasa la nne.

Hata wiki haijaisha, homa ikaanza. Daktari akaja kutoka Tabora mjini kuchukua damu, apate kujua ni kirusi gani. Akanipa kalamu niandike kwenye kila chupa jina la mgonjwa na anakotoka.

Nikaandika Kaselya. Mwenyekiti wa kijiji, Limbu, akanishika mkono.

"Binti, Kaselya iko wapi?"

"Kule tulikotoka, Mwenyekiti."

"Haipo. Hapa wote ni watu wa Azimio. Au unataka kuturudisha nyuma?"

Mimi ni mtu wa aibu. Nikafuta. Nikaandika Azimio kwenye chupa zote ishirini na mbili.

Daktari alipenda mwandiko wangu, akanipa kazi kwenye maabara yake ndogo, mtaa wa Mtendeni, Tabora mjini.

Mwaka uliofuata makala yake ikatoka kwenye jarida la ng'ambo. Kirusi kipya! Akakiita kirusi cha Azimio. Kila mtaalamu aliyetaka nakala alituma kadi, na Daktari alizibandika ukutani.

"Wananitaja, Kashindye. Hata Ulaya wananitaja."

Zilifika sitini na moja. Kutia nakala kwenye bahasha na kupeleka posta ilikuwa kazi yangu.

Jumamosi moja nikaenda kumsalimia mama. Akanipa kibuyu cha asali.

"Umeitoa wapi, mama?"

"Kaselya. Mizinga yangu iko kule, mwanangu. Nyuki hawakupanda lori."

Nikakosa raha. Nikawakumbuka wagonjwa wapya waliokuwa wakiendelea kuugua Azimio, mmoja mmoja... Wote walikuwa warina asali! Wote walikuwa wakirudi Kaselya kwa siri. Daktari alishasema homa ile huletwa na mbu; basi mbu hao walikuwa kule msituni. Na dawa ya kuua mbu, pipa moja tu, ilikuwa imepangiwa Azimio.

Jumatatu nikajikaza.

"Daktari... zile chupa nilikosea."

Nikamweleza yote. Alitazama ule ukuta wa kadi.

"Makala imeshatoka, binti. Kadi zikifika mia naitwa Dar kuwa mkuu wa maabara kuu. Kaoshe chupa."

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama amelala. Mwili moto, anaongea na watu waliokufa zamani.

Kusema tena sikuweza. Lakini kuandika... Nikachukua nakala tisa zilizokuwa zinasubiri posta, nikaandika pembeni: *Damu hii si ya Azimio. Ni ya watu wa Kaselya, kwenye mizinga. Aliyeandika vibaya ni mimi.*

Koleta aliniona. Hakusema kitu. Mpaka siku ile.

Sasa Daktari akaisoma ile kadi kwa sauti. Ilitoka kwa Daktari Shahida wa Nairobi, mtaalamu mwenzake, ndiye aliyetoa lile pipa la dawa.

"'Nataka kumwona aliyeandika pembeni. Nakuja Alhamisi. Dawa isipulizwe mpaka nifike.'"

Akaiweka mezani.

"Umenimaliza, Kashindye."

"Nisamehe, Daktari. Mama yangu ameugua kwa kufuata asali kule."

Nilishaanza kufungua kitambaa cha kazi, nikijua ndiyo mwisho. Yeye akaenda ukutani, akabandua kadi moja moja, zote. Akakaa chini kama mtu aliyetua mzigo. Akavuta karatasi.

"Kaselya... inaandikwaje?"

Alhamisi pipa likaenda Kaselya. Njia ilishamezwa na majani, dereva akapotea. Mnajua nani alituongoza? Mwenyekiti Limbu! Kona kwa kona, bila kuuliza mtu. Mizinga yake kule ilikuwa saba.

Mvua zilipoisha, homa nayo ikaisha.

Daktari akachapisha masahihisho. Nayo yakatajwa kuliko makala yenyewe. Kadi zilipita mia, na Dar akaenda. Koleta akaniomba msamaha.

"Niliogopa kufukuzwa, shoga. Ila jina lako kwenye masahihisho si limo?"

Yalikuwa ya Kiingereza, nikamwomba Daktari Shahida anitafsirie. Akaniandikia kwa Kiswahili, neno kwa neno: *Kosa hili liligunduliwa na mwandishi mwenyewe.*

Mwandishi, yaani Daktari. Nililia? Kidogo.

Ndugu zangu, kosa likisifiwa na watu sitini na moja bado ni kosa, na linaendelea kutembea kuelekea kwa mama wa mtu. Ukishindwa kusema, andika.

Barua ya Shahida ninayo mpaka leo. Jina langu halimo. Lakini chini kabisa, kwenye orodha ya wagonjwa, kuna mstari huu:

*Namba kumi na nne. Mwanamke, miaka arobaini na tatu, mrina asali wa Kaselya. Amepona.*

Mimi simo. Mama yumo.